Wanachama 120, jumla 183: kisa cha karatasi za katibu

Kisa ninachokichambua kilitokea katika kikundi kimoja cha wakulima kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Moshi. Jina la kikundi nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa suala lenyewe liligusa heshima ya mtu mzima ambaye hakuwa na kosa alilotuhumiwa. Kikundi kina wanachama 120, na kamati yake ilikuwa imepitisha kwamba awamu ya kwanza ya mafunzo, pamoja na mkopo mdogo wa kuanzishia biashara ya pili, iende kwa wanachama wanaouza bidhaa moja tu, maana bei ya bidhaa hiyo ikianguka hawana pengine pa kushika. Ili kuwapata, katibu alipita nyumba kwa nyumba, akajaza karatasi moja kwa kila mwanachama yenye maswali matatu: unauza kahawa, unauza ndizi, unauza maziwa? Siku ya mkutano alisoma majumlisho yake kwa sauti. Wauza kahawa walikuwa 71, wauza ndizi 64 na wauza maziwa 48.

Mzee mmoja aliyekaa mbele alikuwa akiziandika tarakimu hizo kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono. Alipomaliza kujumlisha, alisimama. "Mama Katibu, mimi hapa napata 183, na kwenye daftari la wanachama tuko 120. Hawa 63 ni akina nani?" Katibu alijibu papo hapo kwamba hao 63 ni wale wanaouza zaidi ya kitu kimoja, ndiyo maana wamehesabiwa mara mbili. Jibu hilo lilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ndiyo iliyomponza, kwa sababu alipoombwa awasome hao 63 kwa majina alipekua karatasi zake zote na majina hayakufika 63. Kabla mkutano haujafungwa, maneno "wanachama hewa" yalikuwa yameshatamkwa.

Katibu alinijia nyumbani Jumamosi iliyofuata. Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa mjini, na mjukuu wake amepita darasani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nisaidie, baba. Nimeitwa mwizi wa majina, na sijaiba hata herufi moja."

Jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kuitazama hiyo 183 kwa utulivu. Mtu yeyote anayekijua kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, anaelewa kwamba kahawa yetu huishi chini ya kivuli cha migomba, na kwamba ng'ombe aliye bandani hula majani na mashina ya migomba hiyo hiyo, kisha samadi yake hurudi kwenye mashina ya kahawa. Kaya moja ikiuza debe la kahawa, mikungu miwili ya ndizi na lita chache za maziwa, haijawa kaya tatu. Majumlisho ya katibu yalihesabu majibu ya "ndiyo", na majibu ya "ndiyo" yanaruhusiwa kuwa mengi kuliko watu. Hata kabla ya kuuliza swali la ziada, tarakimu mbili za kwanza zilitosha kuonyesha hivyo: 71 na 64 ni 135, idadi inayozidi 120 kwa 15, kwa hiyo ni lazima watu wasiopungua 15 wawe wanauza kahawa na ndizi kwa pamoja. Laiti hesabu hiyo fupi ingefanywa mkutanoni, naamini tuhuma isingepata miguu.

Lakini je, 63 ni idadi ya wanaouza zaidi ya kitu kimoja? Hapa ndipo wengi hujikwaa, wakiwemo wanafunzi wangu walio hodari, na pananistahili kukaa kidogo. Mwanachama anayeuza bidhaa mbili anaonekana mara mbili kwenye majumlisho, kwa hiyo analeta ziada ya moja. Anayeuza zote tatu anaonekana mara tatu, kwa hiyo analeta ziada ya mbili, ingawa ni mtu mmoja. Upande wa pili, mwanachama asiyeuza chochote yumo katika 120 lakini hayumo popote katika 183, na kwa kutokuwemo kwake anaipunguza ziada kwa moja. Unapotoa 120 katika 183, unapata tarakimu iliyochanganya mambo haya matatu ndani yake: watu wa bidhaa mbili mara moja, watu wa bidhaa tatu mara mbili, kisha umeondoa wasiouza kitu. Hiyo 63 haihesabu kundi lolote la watu, na ndiyo sababu majina hayakuweza kufika.

Katibu alikuwa amekuja na karatasi ya pili. Usiku wa siku ile ya mkutano alizipanga upya fomu zote zenye "ndiyo" zaidi ya moja, akaandika: kahawa na ndizi 26, kahawa na maziwa 11, ndizi na maziwa 14, zote tatu 8. Nikachukua karatasi safi, nikachora mstatili wa watu wote 120, na ndani yake maduara matatu yanayoingiliana, moja la kahawa, moja la ndizi na moja la maziwa.

Mchoro huu unaitwa kwa jina la John Venn, Mwingereza wa Cambridge aliyeueleza katika makala ya mwaka 1880. Maduara yenyewe yalikuwa yametumika kabla yake, na Leonhard Euler aliyatumia katika karne ya 18 kueleza mantiki. Ila Venn alisisitiza kwamba kwanza yachorwe maeneo yote yanayowezekana, ndipo uulize ni lipi lina kitu na lipi ni tupu. Kwa kisa chetu msisitizo huo una uzito mkubwa. Kila mwanachama anajibu "ndiyo" au "hapana" mara tatu, kwa hiyo kuna namna 2 × 2 × 2, yaani 8, za kujibu, na mchoro una vyumba vinane vya kuzipokea: vyumba vitatu vya bidhaa moja pekee, vitatu vya bidhaa mbili pekee, kimoja cha katikati kwa wenye zote tatu, na kimoja cha nje ya maduara yote kwa wasiouza chochote. Chumba hicho cha nane wanafunzi hukisahau mara kwa mara, kwa kuwa hakina mstari wake chenyewe zaidi ya ule wa mstatili. Kila mwanachama anaingia chumba kimoja tu, na jumla ya vyumba vyote lazima iwe 120.

Nilianza katikati, kama ninavyofundisha, nikaandika 8. Halafu nikafuata kanuni ya darasani: "kahawa na ndizi 26", bila neno "tu", humaanisha kila mwenye vyote viwili, awe ana maziwa au hana. Kwa hiyo nikatoa 8 katika 26 nikapata 18, katika 11 nikapata 3, katika 14 nikapata 6. Kisha nikajaza vyumba vya pembeni. Kahawa pekee ni 71 kutoa 18, 3 na 8, yaani 42. Ndizi pekee ni 64 kutoa 18, 6 na 8, yaani 32. Maziwa pekee ni 48 kutoa 3, 6 na 8, yaani 31. Nikajumlisha maduara yote: 42, 32, 31, 18, 3, 6 na 8 ni 140.

Mama alitazama ile 140 kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ni kweli wamezidi 20?"

Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilikuwa naelekea kuamini hivyo. Hesabu yangu haikuwa na kosa la kutoa wala kujumlisha. Niliipitia mara mbili. Ila chumba cha nje kilikuwa kinadai kuwa na watu 120 kutoa 140, yaani hasi 20, na chumba hakiwezi kuwa na watu hasi. Matokeo ya namna hiyo yana maana moja kati ya mbili: ama taarifa yenyewe ina kasoro, ama mimi niliyeisoma nimeipa tarakimu fulani maana isiyo yake. Nilikuwa nimerukia la kwanza bila kulichunguza la pili, na la pili lilikuwa karibu zaidi, kwa kuwa mwenye taarifa alikuwa amekaa mbele yangu na sikuwa nimemuuliza chochote.

Nikamuuliza: "Mama, hii 26 uliipataje? Nionyeshe kwa mikono."

Akaeleza kwamba alizitandaza fomu kitandani kwa mafungu. Fomu yenye "ndiyo" ya kahawa na ya ndizi aliiweka fungu la kwanza. Yenye kahawa na maziwa, fungu la pili. Yenye ndizi na maziwa, fungu la tatu. Fomu yenye "ndiyo" zote tatu aliipa fungu lake, na hakuirudisha tena kwenye yale mafungu mengine. "Karatasi ni moja, mwalimu. Ningeiweka mafungu manne?"

Kumbe! Fungu la 26 lilikuwa la wenye kahawa na ndizi wasio na maziwa. Wale 8 hawakuwemo ndani yake hata kidogo. Lakini yale majumlisho ya kwanza, 71, 64 na 48, aliyapata kwa njia nyingine kabisa, akipitia fomu zote 120 kwa swali moja moja, kwa hiyo ndani ya 71 wamo wauza kahawa wote, wawe wana ndizi, maziwa, vyote au bila kingine. Karatasi mbili za mtu mmoja, zilizoandikwa kwa uaminifu, zilikuwa zinazungumza lugha mbili: ya kwanza ilihesabu duara zima, ya pili ilihesabu chumba kimoja. Mimi nilizisoma zote kwa lugha moja.

Tukafuta, tukaanza upya. Katikati ni 8. Vyumba vya bidhaa mbili vinapokea 26, 11 na 14 kama zilivyo, bila kutoa kitu. Kahawa pekee inakuwa 71 kutoa 26, 11 na 8, yaani 26. Msomaji aangalie kwamba 26 hii na ile ya kahawa na ndizi zimefanana kwa bahati tu, ni watu tofauti kabisa. Ndizi pekee ni 64 kutoa 26, 14 na 8, yaani 16. Maziwa pekee ni 48 kutoa 11, 14 na 8, yaani 15. Jumla ya vyumba saba ni 26, 16, 15, 26, 11, 14 na 8, ambayo ni 116, na chumba cha nje kinabaki na watu 4.

Anayependa kanuni anaweza kufika hapo hapo bila mchoro. Wenye kahawa na ndizi, wakiwemo wa zote tatu, ni 34. Wenye kahawa na maziwa ni 19. Wenye ndizi na maziwa ni 22. Unachukua 183, unatoa 34, 19 na 22, kisha unarudisha 8, unapata 116. Hiyo 8 inarudishwa kwa sababu mtu wa bidhaa tatu alikuwa amehesabiwa mara tatu katika 183, halafu ameondolewa mara tatu katika yale makundi ya wawili wawili, hata akawa hayupo kabisa. Inabidi arudishwe mara moja. Wanafunzi huikariri alama hiyo ya kujumlisha bila kujua inamrudisha nani.

Na ile ziada iliyozua tuhuma sasa inajieleza. Kutoka 116 hadi 183 ni 67: watu 51 wa bidhaa mbili walioleta ziada ya moja kila mmoja, na watu 8 wa bidhaa tatu walioleta mbili kila mmoja, yaani 16. Toa wale 4 wasiouza kitu, unaipata 63 ya mzee kama alivyoiandika kiganjani.

Kuna jambo lililonikosesha usingizi baada ya katibu kuondoka. Tuliligundua kosa la usomaji kwa sababu tu 140 ilizidi 120. Kama kikundi kingekuwa na wanachama 150, usomaji wangu wa kwanza ungetoa 140 ndani ya maduara na 10 nje, kila chumba kikiwa na idadi inayokubalika, na ningemkabidhi mama wa watu jibu lisilo sahihi huku nikiwa na imani nalo kamili. Ningemwambia wanaouza bidhaa moja pekee ni 42, 32 na 31, jumla 105, wakati ukweli ni 57. Kwa sababu hiyo sikuridhika kwamba usomaji wa pili unakubali kwenye karatasi. Hesabu kukubali hakuthibitishi kwamba maneno yameeleweka. Hilo lilithibitishwa na maelezo ya katibu kuhusu mafungu yake, na hata hayo tuliamua kuyapima kwa fomu zenyewe.

Mtaala ambao wengi wetu tuliusomea uliiweka mada ya seti, yaani makundi kama haya ya maduara yetu, katika kidato cha pili, na huko swali huja limeshatengenezwa, likiwa na neno linalolingana na "tu" pale linapohitajika. Mwanafunzi hujifunza kulitafuta neno hilo. Katika mazungumzo yetu ya kila siku Kiswahili kinalo neno "tu", kinalo "pekee" na kinalo "peke yake", lakini mtu anayesema "wenye kahawa na ndizi ni 26" mara nyingi ameliacha kichwani kwa sababu kwake liko wazi. Hata neno "kuuza" lilihitaji kuchungwa. Migomba iko karibu katika kila kihamba cha kikundi kile, na kama swali lingekuwa "una ndizi?" duara la ndizi lingewameza karibu wote. Swali lilikuwa kuuza, na anayevuna ndizi za mtori wa nyumbani au za mbege ya familia hakuingia humo.

Mkutano uliofuata ulifanyika ndani ya ghala la kahawa. Katibu aliomba kamba tatu za mkonge, akafunga kila moja ikawa kitanzi kikubwa, akazilaza sakafuni ziingiliane, na juu ya kila moja akaweka alama yake: konzi ya kahawa ya maganda, kichane cha ndizi, kibuyu cha maziwa. Kisha akamkabidhi yule mzee fomu zote 120, akamwomba aziweke yeye mwenyewe, moja moja, akisoma majibu kwa sauti. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeondoka. Fomu ya kwanza yenye "ndiyo" tatu ilipotokea, mzee aliinama akasita, mkono ukiwa hewani juu ya kamba, kisha akaiweka pale katikati ambapo vitanzi vyote vitatu vinakutana. Mtu nyuma akasema, "Hapo hapo, baba, yuko ndani ya zote na karatasi ni moja."

Walipohesabu, kila chumba kilikuwa na idadi ile ile tuliyoiandika Jumamosi. Hata hivyo nilisimama kueleza kwamba kamba zile zimeonyesha kuwa tarakimu za katibu zinapatana, na kwamba kupatana kwa tarakimu bado hakuonyeshi kuwa kila fomu ina mtu wake. Hilo lilihitaji kuita majina, na yaliitwa, fomu kwa fomu; waliokuwepo waliitikia, na wasiokuwepo walithibitishwa na majirani zao. Hakukuwa na jina lisilo na mtu. Mzee alimwendea katibu mbele ya watu wote, akamshika mikono miwili, akamwomba radhi.

Kijana mmoja aliuliza kuhusu parachichi, ambazo sasa zinauzwa na baadhi ya wanachama, akashauri kamba ya nne iongezwe. Maswali manne yanatoa namna 16 za kujibu, na maduara manne, hata ukiyapanga vipi, hayawezi kuzaa zaidi ya maeneo 14, kwa hiyo ni lazima mchanganyiko fulani ukose chumba. Venn mwenyewe alipofika kwenye seti nne aliacha maduara akatumia maumbo ya duaradufu. Kwa kikundi nilishauri jedwali la kawaida lenye mistari 16, kila mstari na "ndiyo" na "hapana" zake, na katibu ameshalichora kwenye daftari jipya kwa rula na wino mwekundu.

Lililobaki lilikuwa ni uamuzi wa kamati. Swali walilolileta lilikuwa na jibu: wanaouza bidhaa moja tu ni 57, wanaouza zaidi ya moja ni 59. Lakini fomu nne zilikuwa bado zimelala sakafuni nje ya kamba, na sasa kila mtu alikuwa anaziona. Wawili wao walikuwa wamepanda kahawa mpya ambayo bado haijaanza kuzaa, mmoja aliuza ng'ombe wake kumuuguza mumewe, na wa nne ni bibi anayekula kila anachovuna. Kwa maneno ya azimio la kamati, yaliyosema "bidhaa moja tu", hawa wanne wasingepata chochote, na katika yale majumlisho matatu ya mwanzo hawakuonekana popote. Mwenyekiti aliinama akaziokota fomu hizo, azimio likabadilishwa kuwa "bidhaa isiyozidi moja", na katibu akaandika kwenye daftari: 61.